Pezi la Luhende na Jina la Shigela

Mwaka 1995, nikiwa na miaka thelathini na mmoja na mume wangu akiwa ardhini miezi minne, niliambiwa pale kituo cha kununulia pamba, Kasoli, kwamba nisije tena. Sikuwa nimekosa kitu. Kazi yenyewe ndiyo ilikuwa imekufa.

Nilikuwa mchaguzi. Mkulima anafika na gunia, mimi naingiza mkono mpaka begani, naamua: hii ni pamba safi, hii ni fifi. Mkono huu ninaoandikia umetoa kwenye magunia mawe, mchanga, vitambaa vilivyolowa maji ili kuongeza uzito, na siku moja kandambili nzima, mguu wa kushoto. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini gunia la pamba nilikuwa nalisoma kwa kucha, na uso wa mwenye gunia nilikuwa nimeshausoma kabla hajalishusha kichwani.

Halafu likaja soko huria. Makampuni yakafika na mizani zao, kila moja lina haraka ya kujaza lori kabla ya mwenzake. Safi na fifi zikawa kitu kimoja. Niliona mkulima akimwagia pamba maji mchana kweupe, na mnunuzi akageuza shingo kama anaangalia mvua. Sasa mchaguzi wa nini?

Ninawaandikia ninyi mnaokagua mabwawa siku hizi kwa vishikwambi, mnapiga picha maji na kuondoka. Nimeikagua mikoa hii tangu Bariadi haijawa makao makuu ya mkoa wowote. Sitaeleza nani alipandishwa cheo na nani alipelekwa semina. Nitaeleza kazi. Na nitaeleza zaidi habari ya mtu mmoja, Shigela, aliyeitwa mwizi kwa neno langu, mbele ya watu, akaishi na jina hilo miaka sita.

Baada ya pamba nilibeba udongo. Mradi mmoja ulikuwa unachimbisha mabwawa ya samaki kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaong'ang'ania maji kama unavyong'ang'ania magurudumu. Wanaume wanachimba, wanawake tunabeba kwa karai. Wakati huo kulikuwa na maneno mengi kuhusu samaki wa ziwani, kwamba kuna watu wanavua kwa sumu, na wanunuzi wakawa wanaogopa. Ndipo akatokea mnunuzi mmoja wa Mwanza akasema yeye anataka samaki wa bwawani, lakini awe na cheti. Cheti kiseme bwawa halina sumu, mfugaji hajachota samaki mahali pengine, maji machafu hayatupwi kwa jirani, na ng'ombe hawakojoi humo. Kaya tisa zikajiunga chini ya cheti kimoja. Sharti lilikuwa hilo: kaya moja ikikosa, zote tisa zimekosa.

Siku moja mkuu wa mradi alikuja kutuuliza sisi wabeba udongo kila mmoja anajua nini. Mmoja akasema kushona, mwingine kupika. Mimi nikasema, "Najua kujua mtu anapodanganya." Wenzangu wakacheka mpaka karai zikaanguka. Mzee aliyekuwa nyuma ya mkuu hakucheka.

Huyo alikuwa Mzee Jilala, bwana samaki mstaafu ambaye mradi ulimwajiri awafundishe wakaguzi. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa, na alikuwa analigeuzia mtu yeyote anayejieleza sana. Alinipeleka kwenye bwawa, akaniambia nitumbukize mkono.

"Mayu," akaniita, ndiyo mama kwetu, "unaona nini?"

"Maji ya kijani."

"Kijani cha nini?"

"Cha maji, mzee."

"Basi rudi kesho."

Nilirudi siku tatu. Siku ya nne akanieleza. Unanyoosha mkono majini, kiganja wima. Kiganja kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, bwawa lina chakula cha kutosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi, na alfajiri utakuta samaki wako juu wanahema midomo wazi. Ukizama mpaka begani bado unaona vidole vyako, huyo mfugaji anafuga maji matupu. Sikuhitaji maelezo mengi. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuingia mahali pasipoonekana.

Alinifundisha pia viluwiluwi. Bwawa la mbugani lisilo na kiluwiluwi wala mdudu hata mmoja pembeni, lishuku. Huku kwetu kila mtu analima pamba, na kila mtu ana bomba la dawa. Mtu anapulizia shamba, halafu anaenda kuoshea bomba kwenye maji yaliyo karibu. Yaliyo karibu ndiyo bwawa. Kwa hiyo nilikuwa natembea na ndoo yake ya bati: nachota maji ya bwawa, naweka samaki wawili wadogo wazima, nakaa hapo kuwaangalia mpaka jua ligeuke. Mfugaji mwenye usafi wa moyo anakwenda zake shambani. Mwenye shaka anakaa na wewe, anakusimulia hadithi.

Sheria ya mwisho ya Jilala ndiyo iliyoniletea maadui. Alisema, "Nenda kwenye maji kwanza, kwa watu baadaye. Na usile." Kwa sisi Wanyantuzu, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia nyumba yake inanuka. Nilikuwa nafunga michembe yangu, viazi vikavu, kwenye khanga, natafuna peke yangu juu ya tuta, na wenye nyumba wakinitazama kama mchawi. Waliniita Mama Mkono. Wengine walisema naingiza mkono majini ili niroge samaki wasizae. Sikuwajibu. Samaki walikuwa wanazaa kuliko wao.

Nilikamata wengi. Mmoja alinunua sato sokoni asubuhi ya ukaguzi akawamwaga bwawani ili bwawa lionekane limejaa. Tulipofika, sato wote walikuwa wanaelea ubavu, na mwenye bwawa anasema wamelala. Nikamwambia, "Baba, waamshe basi." Mwingine aliwapa samaki mashudu ya pamba yaliyoota ukungu, akaniambia ukungu ni chachu. Nilikuwa nafurahi kumkamata mtu, sitawaficha. Kila niliyemkamata alinithibitishia kwamba dunia iko kama nilivyodhani. Huo ni ugonjwa wa kazi hii, na hakuna semina inayoutibu.

Sasa nije kwa Luhende.

Luhende alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mtu mrefu, mpole, mwenye kuongea kama anakutania hata akiwa msibani. Katika zile kaya tisa, bwawa lake ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Alitoa ng'ombe kulichimbisha, na mkewe Minza alilia siku walipoondoka. Mwaka wa pili wa cheti nilifika kwake mwishoni mwa kiangazi. Maji yalikuwa yameshuka mpaka kingo zimepasuka. Gari la mnunuzi lilikuwa linakuja baada ya siku sita. Samaki wasipoondoka na gari lile, watafia kwenye tope, wa Luhende na wa wenzake wanane. Kila mtu alilijua hilo, na walinipokea kwa salamu ndefu kupita kiasi.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka. Bwawa liko wapi?"

"Si ulipajua mwaka jana? Halijahama," akasema Luhende. "Karibu kwanza unywe uji."

"Nimekuja na michembe."

"Hata uji wangu unaushuku?"

"Uji bado. Nimeanzia na wewe."

Tulivuta wavu wa kokoro, mimi na Jilala na vijana wa kikundi. Samaki walitoka wazuri, wazito. Lakini kama mmoja kati ya kila watano hivi alikuwa na mkia uliokatwa pembe ya juu. Umekatwa kabisa, mstari mnyoofu. Nikasema ni ugonjwa wa mapezi. Jilala akamshika mmoja, akamgeuza, akasema, "Ugonjwa haukati kwa wembe."

Nikafikiri: basi hawa wametoka mahali pengine. Nikamgeukia Luhende.

"Samaki hawa wote ni wa hapa?"

"Wote ni wangu."

"Sikuuliza ni wa nani."

Nikafunga daftari. Nilisema, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie, kwamba bwawa lina samaki wa kuletwa, cheti hakipo, na gari lisije. Mwenyekiti wa kikundi akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kanisani.

Minza ndiye aliyeanza kuivunja siri. Alitoka nyuma ya boma akiwa bado na mwiko mkononi. "Baba Kulwa, mwambie. Mwambie, au nimwambie mimi, na mimi nitamwambia vibaya."

Luhende akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Mayu, wewe si mtoto wa huku? Baba yako hakuwa na ng'ombe?"

"Alichunga wa watu."

"Basi unajua. Ng'ombe huwaweki wote zizi moja. Wengine unawapeleka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa mbali. Mwaka ule wa ugonjwa, zizi langu lilikwisha lote. Nilisimama tena kwa wale waliokuwa kwa watu. Sasa hawa," akaonyesha bwawa, "niliuza ng'ombe nikapata hawa. Niwaache wote kwenye shimo moja?"

Alikuwa amewawekesha samaki. Alichukua mia nne, mara mbili kwa mikupuo, akawapeleka kwa madumu juu ya mkokoteni hadi kwenye bwawa la shemeji yake Shigela, ng'ambo ya korongo, aliyemwoa dada yake. Na kwa kuwa Shigela naye alikuwa na samaki wake humo, Luhende aliwatia alama kama unavyokata sikio la ng'ombe. Kila mkupuo yeye na Minza walikaa majini siku nzima na wembe, wakikata pembe ya mkia, mmoja mmoja. Hesabu aliiweka kwa kamba, fundo moja kwa kila samaki kumi. Aliposikia gari linakuja akawarudisha wote, maana aliona aibu mnunuzi akute bwawa kubwa lina samaki wachache, kama mtu anavyoona aibu mgeni akute zizi lina nafasi.

Jilala aligeuza lile sikio lake zima. Nilimwona anazuia kucheka.

Mimi sikucheka. Bwawa la Shigela lilikuwa ubavuni mwa shamba la pamba, na halikuwa kwenye cheti. Hakuna aliyejua nini kimeingia kwenye yale maji. Nilisema hivyo. Wakaanza kupiga kelele wote tisa, na katikati ya kelele nikaona njia, nayo niliitoa kwenye pamba. Samaki waliotoka nje wana alama. Wasio na alama hawajatoka. Basi tuchague. Safi huku, fifi kule.

Tulichagua siku mbili. Kaya tisa zote zilikuja na mabeseni, wakaingia kwenye maji mpaka kiunoni, na mimi nimesimama katikati kama zamani kituoni. Kila samaki alipita mkononi mwangu, mkia unatazamwa. Waliokatwa walikwenda kwenye shimo dogo la pembeni, nikaamuru wasiuzwe kwa cheti. Wasiokatwa walibaki. Wanawake waliimba nyimbo za kuchuma pamba. Nilijiona mtu mkubwa. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu huwa najihadhari sana na siku kama ile sasa.

Jioni ya pili nikahesabu waliokatwa. Mia mbili ishirini na sita.

"Ulisema mia nne," nikamwambia Luhende.

"Mia nne. Kamba zipo."

"Mia moja sabini na nne wako wapi?"

Watu wote wakamgeukia Shigela, aliyekuwa amekuja kusaidia na beseni la mkewe. Alikuwa mtu mfupi, mweusi, mkimya, mwenye tabia ya kukwaruza goti anapoongea.

"Nilirudisha wote," akasema. "Wangu nilishawauza mapema wakati wa mvua, waliobaki nilivua mpaka bwawa langu likabaki tope. Wanne walikufa, tukawala. Basi."

"Wanne?"

"Wanne, mayu."

Asubuhi yake, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikwenda kwa Shigela nikachokoa jaa lake kwa fimbo. Nilikuta miiba ya samaki. Sasa mtu anayefuga samaki miiba yake utaikuta wapi kama si jaani kwake? Lakini kwangu ilitosha. Nikarudi kwenye mkutano wa kikundi, nikasimama mbele ya kaya tisa na wake zao, nikasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe:

"Anayewekewa ng'ombe ana haki ya maziwa. Samaki hana maziwa, ndiyo maana Shigela amekamua nyama."

Walicheka. Walicheka mpaka mwenyekiti akashika mti. Luhende peke yake hakucheka, na yeye ndiye mcheshi wa kijiji kile. Shigela alikwaruza goti, akachukua beseni la mkewe, akaondoka.

Nilitia sahihi. Gari lilikuja, samaki wakaenda Malampaka kwenye treni ya Mwanza wakiwa kwenye masanduku ya barafu, na kikundi kikaendelea. Mradi ulinisifu. Ile njia ya kuchagua kwa mkia wakaiandika kwenye kitabu cha mafunzo.

Na Shigela akaitwa Mkamua Samaki. Mnaofikiri hilo ni jina la utani tu, hamjui kwetu. Mtu anayekula alichowekewa haaminiwi na kitu. Alikuwa na ng'ombe wa watu watano zizini kwake, kama wanavyokuwa nao watu wanaoaminika. Maziwa yao yalilea wanawe na samadi yao ililisha shamba lake. Ndani ya mwaka mmoja wote watano walikuja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sababu yake ya heshima, wakaswaga ng'ombe wao. Mama yake Luhende alipofariki, Shigela, mkwe wa nyumba ile, alikaa nje na watu wa njiani. Nilikuwepo msibani. Nilimwona. Nikajiambia, ndivyo inavyokuwa mtu akipenda nyama.

Jilala aliniuliza mara moja tu kuhusu jambo lile, tukiwa tunarudi kwa baiskeli. "Una hakika na yule shemeji?"

"Hesabu ndiyo yenye hakika, mzee."

Akanigeuzia sikio bovu. Nilidhani amechoka. Alifariki mwaka uliofuata, na ndoo yake akaagiza nipewe mimi.

Miaka sita ilipita. Mradi ukanipeleka Kimali, huko Meatu, kufungua mabwawa mapya. Nyuma ya nyumba niliyopangishiwa kulikuwa na tangi la saruji, nikaweka humo perege kumi na wawili wa kujaribia maji. Siku moja ndege mdiria aliingia kuvua akamkosa mmoja, lakini akaondoka na kipande cha mkia wake. Huyo nikawa namtambua kila ninapowapa pumba. Nilimwita Fifi.

Nilikwenda kukagua upande wa mbali, nikakaa huko karibu miezi miwili. Niliporudi, Fifi hayupo. Nikamwita mlinzi, mzee wa heshima zake, nikamwambia amekula samaki wangu na kuweka mwingine.

"Mama, mimi situmii samaki kabisa," akasema. "Wananipa kichefuchefu toka utotoni."

"Wote husema hivyo."

"Basi hesabu."

Nikahesabu. Kumi na wawili. Nikahesabu tena. Nikawatoa wote kwenye ndoo ya Jilala, nikamshika mmoja mmoja. Kumi na wawili, mikia mizima. Mmoja wao pembe ya juu ilikuwa laini, rangi yake nyepesi kidogo kuliko sehemu nyingine, kama kucha iliyoota upya.

Sikulala vizuri siku zile. Nilichukua wembe, nikamkata samaki mwingine kama Luhende alivyokata, mstari mnyoofu, nikamweka peke yake, na tangi nikalifunika kwa wavu na kufuli, maana hata mdiria nilikuwa simwamini. Kila asubuhi nilimtazama. Wiki ya tatu pezi lilikuwa linarudi. Wiki ya saba ningekuambia nionyeshe aliyekatwa, usingeweza.

Nilipanda lori la pamba kwenda Bariadi, na kutoka pale baiskeli mpaka kwa Luhende. Sikusubiri maji, sikusubiri salamu.

"Zile kamba bado unazo?"

"Kamba gani, mayu?"

"Za samaki. Za mwaka ule."

Luhende hatupi kitu. Minza alizitoa darini, zimejaa masizi. Zilikuwa mbili. Kwa miaka sita nilikuwa najua jumla yake tu, mia nne. Sikuwahi kuuliza kila moja ina mafundo mangapi. Mkupuo wa kwanza aliupeleka mvua zilipoanza. Wa pili aliupeleka kiangazi, wiki moja tu kabla ya kuwarudisha. Nikahesabu kamba ya pili: mafundo ishirini na matatu. Nikahesabu ya kwanza, kwa kidole, polepole, Luhende akinitazama.

Kumi na saba.

Samaki mia moja na sabini wa mvua za kwanza walikuwa wamerudi wote, mapezi yameota, wakapita mkononi mwangu nami nikawaweka upande wa safi. Ongeza wanne. Wanne waliokufa, wakaliwa, kama mtu alivyosema.

Luhende alizikunja zile kamba. Halafu akasema, "Mayu, mimi nilikata mikia. Wewe ulikata jina."

Nilisema naomba kikundi kiitwe. Nilimtukana mtu mbele ya watu, nisingekwenda kumsafisha nyuma ya nyumba. Walikuja, wengine wamezeeka, mwenyekiti amekuwa mwingine. Shigela alikuja mwisho, akasimama pembeni kabisa. Nilieleza yote: Fifi, wembe, kamba mbili. Nilieleza pia kwamba samaki ambao sikuwa na uhakika nao walikwenda Mwanza na sahihi yangu, na kwamba nimeshaandika hilo kwa mradi kwa mkono wangu, kwa herufi zangu kubwa. Mradi walijibu kwamba samaki hao walishaliwa zamani na hakuna aliyelalamika. Kitabu cha mafunzo lakini walikibadilisha, kwa sababu nilikaa mlangoni pao mpaka wakabadilisha. Ndiyo maana ninyi leo mnafundishwa kwamba pezi lililokatwa si ushahidi. Mlikuwa hamjui somo hilo limetoka wapi.

Kisha nikamwambia Shigela, "Naomba msamaha."

Alikwaruza goti. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, na ndiye niliyemwogopa zaidi.

"Ng'ombe wa watu watano waliondoka zizini kwangu," Shigela akasema. "Wanangu wamekua kwa uji wa maji. Msamaha wako, mayu, nifanye nao nini? Niukamue?"

Hakuna aliyecheka. Niliondoka nikilitafuta jibu njia nzima mpaka Kimali.

Nililipata msimu uliofuata. Sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa nimejiwekea cha kujengea. Nikaahirisha kujenga, nikanunua mtamba mmoja mnadani, nikamswaga mwenyewe kwa miguu kupita barabara ya katikati ya kijiji, saa ambayo watu wanatoka kanisani, ili kila mtu aone anakwenda wapi. Shigela alikuwa anatengeneza ua wa zizi lililokuwa tupu.

"Huyo wa nani?" akauliza.

"Wangu. Nataka kumweka kwa mtu."

Akamzunguka, akamtazama kwato, akamtazama meno, akamshika masikio. "Hana alama."

"Najua."

"Utamtambuaje?"

"Utaniambia wewe."

Alimzunguka mara ya pili polepole, nami nilikuwa naona anafikiri kwamba kuna mtego. Ningekuwa mimi ningefikiri hivyo hivyo. Mwishowe akaondoa mti wa mlango wa zizi, akampisha mtamba akaingia. Mkewe alileta uji. Nilikuwa na michembe yangu kwenye khanga, nikaiacha hapo hapo, nikanywa uji.

Nimestaafu mwaka huu. Mradi wamenipa saa ya ukutani, nayo nimeshaishuku, inachelewa. Leo nina vitu hivi: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati juu. Mabwawa mawili, moja lina cheti, jingine bado, maana nimejinyima mwenyewe mpaka nirekebishe tuta. Baiskeli moja. Ndoo ya bati ya Mzee Jilala. Kamba mbili zenye mafundo, Luhende alinipa. Kokoro moja iliyoshonwa mara nyingi. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Hawako kwangu, wako kwa Shigela, pamoja na wa watu wengine saba. Sijaenda kuwahesabu tangu masika.